Maelezo Juu ya Alama ya Halali na Mauziano ya Simu

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wamekuwa wakiuliza, maofisini na barazani, iwapo kununua na kuuza kwa simu ya mkononi kunakubalika katika sheria ya Kiislamu, na iwapo ile alama ya halali inayoonekana kwenye picha ya bidhaa inatosha kumwondolea mnunuzi wasiwasi. Maswali haya mawili huulizwa pamoja kana kwamba ni moja. Ukurasa huu unakusudia kuyatenganisha, kwani la kwanza lilijibiwa na wanazuoni zaidi ya miaka thelathini iliyopita, ilhali la pili bado linawashughulisha hata wale wenye maabara na wakaguzi wengi kuliko sisi.

Kuhusu mauziano yenyewe, msingi wa fikihi haukubadilika. Akdi huhitaji wenye kuuziana, kitu kinachouzwa na thamani yake, pamoja na matamko mawili: ijabu, yaani tamko la mwenye kutoa, na kabuli, yaani tamko la mwenye kukubali. Wanazuoni wa zamani walitaka matamko hayo yakutane katika kikao kimoja. Kwa mtu aliye mbali waliikubali barua na wakamkubali mjumbe, wakasema kwamba kikao ni pale barua inapomfikia aliyeandikiwa. Wafanyabiashara wa visiwa hivi waliyazoea mambo hayo tangu enzi za majahazi. Muuzaji karafuu wa Unguja na mnunuzi wa Bombay waliweza kuuziana miaka mingi bila ya kuonana.

Ilipofika tarehe 14 hadi 20 Machi 1990, Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lilikutana mjini Jeddah katika kikao chake cha sita, na miongoni mwa maamuzi yake ni Azimio Namba 52 juu ya kufunga akdi kwa vyombo vya kisasa vya mawasiliano. Vyombo vilivyokuwa vikizungumzwa siku hizo ni telegramu, teleksi, faksi, simu na skrini ya kompyuta. Baraza liliamua kwamba watu wawili walio mahala mbalimbali, ambao hawaonani wala hawasikizani, wakiandikiana kwa vyombo hivyo, akdi yao hutimia pale ijabu inapomfikia mmoja naye akaikubali. Wakizungumza kwa simu kwa wakati mmoja, huhesabiwa kuwa ni kama watu walio pamoja. Aidha, mwenye kutoa ijabu na kuifungia muda maalumu analazimika kubaki nayo mpaka muda huo umalizike. Kwa hivyo muuzaji anayeitoa bei kwa maandishi na kutamka kwamba itadumu mpaka siku ya Ijumaa, hana ruhusa ya kuipandisha siku ya Jumatano kwa sababu tu wateja wamekuwa wengi.

Inafaa ieleweke kwamba maazimio ya Baraza hilo ni rai za wanazuoni na si sheria inayozifunga mahakama zetu. Baraza liko chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu ambayo Zanzibar ilijiunga nayo mwezi wa Disemba 1992 na ikajitoa mwezi wa Agosti 1993. Hata hivyo, rai hizo zina uzito mkubwa kwa mwenye kutaka kuiongoza biashara yake kwa mujibu wa dini, na masheikh wengi huzitegemea.

Azimio hilo lina mambo matatu liliyoyatoa katika ruhusa yake. La kwanza ni ndoa, kwa sababu ya sharti la mashahidi. La pili ni kubadilishana fedha na dhahabu, kwa sababu pande zote mbili lazima zikabidhiane papo hapo. La tatu ni mauziano ya salamu, ambayo mnunuzi hutanguliza thamani yote na bidhaa ikafuata baadaye kwa sifa zilizokubaliwa, kwani thamani hiyo lazima ilipwe hapo hapo akdi inapofungwa. Msomaji ataona kwamba sababu ya mambo mawili ya mwisho ni moja, nayo ni makabidhiano. Mwaka 1990 mtu aliyepeleka teleksi hakuweza kuzipeleka na fedha ndani yake.

Lakini kikao hicho hicho kilitoa Azimio Namba 53 kuhusu maana ya kukabidhi. Humo Baraza lilikubali kwamba kuna kukabidhi kwa mkono na kuna kukabidhi kwa hukumu, na likataja kwamba fedha zikiingizwa katika hesabu ya mtu benki, huyo amekwisha kukabidhiwa. Tukiyaweka maazimio haya mawili bega kwa bega, hali ya leo inakuwa wazi zaidi. Mnunuzi anayetuma fedha kwa simu, na ujumbe wa kupokelewa ukarudi katika muda wa sekunde chache, ametimiza lile ambalo mtu wa teleksi hakuweza. Kwa rai ya mwandishi, zuio la salamu kwa simu linaondoka pale malipo yanapofika papo hapo, kwani sababu yake imeondoka.

Dhahabu si hivyo. Baraza lilikwisha kuamua mjini Amman mwaka 1986 kwamba noti zina hukumu ile ile ya dhahabu na fedha katika mambo ya riba na zaka. Hivyo basi, kwa rai ya wanazuoni walio wengi, mwenye kununua mkufu wa dhahabu kwa simu, akalipa leo na kuupokea wiki ijayo, ameingia katika uchelewesho uliokatazwa. Fedha zilifika lakini mkufu haukufika. Wananchi wanaowaagizia jamaa zao dhahabu kutoka Dubai au Maskati wana njia nyepesi, nayo ni kumfanya jamaa huyo kuwa wakala, apelekewe fedha kwanza, kisha yeye ndiye anunue dukani mkono kwa mkono kwa niaba yao.

Lipo jambo jengine ambalo kwetu sisi wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi lina uzito wa pekee. Wanazuoni wa Kihanafi huruhusu kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona, wakampa hiari ya kukikataa atakapokiona. Kwa upande wa Mashafi, kauli yenye nguvu ni kwamba kitu maalumu kisichoonwa hakiuziki. Mwenye kusoma *Minhaj* ya Imam Nawawi katika darsa za visiwani atakuwa amelipitia suala hili. Je, duka la simu, ambalo ndani yake hakionwi chochote isipokuwa picha, linaanguka lote? Halianguki. Mashafi wanakataza kuuza kitu hiki maalumu kisichoonwa, ila wanaruhusu kuuza kitu chenye sifa zilizotajwa, kikawa ni deni juu ya muuzaji. Mwenye kuuza kwa simu kilo 5 za mchele wa aina fulani, wa daraja fulani, wa kupelekwa mahala fulani siku fulani, hauzi gunia maalumu lililoko ghalani kwake, bali anauza mchele wenye sifa hizo, na ukija ukiwa na sifa pungufu mnunuzi halazimiki kuupokea. Ndiyo maana sifa zinazoandikwa chini ya picha zina thamani kuliko picha yenyewe. Maneno kama "bora kabisa" au "kama unavyoona" si sifa.

Vijana wetu wengi wanafanya biashara kwa kuzichukua picha za bidhaa zilizomo katika maduka ya watu wengine, wakaziongezea bei na kuzitangaza. Anapopatikana mteja na fedha zake, ndipo kijana naye anapokwenda kununua. Hapa kuna kizuizi kilicho wazi, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza sahaba Hakim bin Hizam kuuza kitu asichokuwa nacho. Hata hivyo kijana huyu hakufungiwa riziki. Anaweza kuwa dalali wa mwenye duka na kupokea ujira unaojulikana. Anaweza pia kuuza kwa salamu, naye akabeba dhima ya kuileta bidhaa yenye sifa hizo popote atakapoipata. Lisilomfalia ni kuuza kitu maalumu cha mwenzake kama kwamba ni chake.

Sasa tuje kwenye alama.

Zamani mwananchi alimjua aliyemchinjia. Alikuwa mtu wa mtaa wake, akisali naye, na kama angefanya kinyume ingejulikana kabla ya magharibi. Alama ya halali ilizaliwa pale baina ya mlaji na mchinjaji ilipoingia bahari, kiwanda na kontena. Kwa hivyo alama hii ni ushahidi: mtu fulani alikwenda, akaona, na anashuhudia. Thamani yake haizidi thamani ya yale aliyoyaona shahidi huyo.

Mambo anayopaswa kuyaona ni mengi. Mwongozo wa Kodeksi, ambayo ni tume ya viwango vya chakula chini ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, ulitolewa mwaka 1997 juu ya matumizi ya neno halali. Unataka mchinjaji awe Mwislamu mwenye akili timamu anayezijua taratibu za kuchinja, mnyama awe hai wakati wa kuchinjwa, kisu kiwe kikali, jina la Mwenyezi Mungu litajwe kwa kila mnyama, na zikatwe koo, umio na mishipa mikubwa ya shingo. Unaruhusu chakula cha halali kutengenezwa katika jengo moja na kisicho halali, kwa sharti sehemu zake zitengwe na visikutane. Mwongozo huo pia unakataza alama itumike kudai kwamba chakula cha halali kina lishe bora kuliko kingine au kutia shaka juu ya usalama wa chakula cha wengine. Wafanyabiashara wetu wanaotangaza alama hiyo kama dawa ya afya wangefanya vyema kulizingatia hilo.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika viungo vya viwandani. Msomaji achukue pakiti ya biskuti na atazame orodha ya viungo. Huenda akakuta namba E471, ambayo ni kiungo cha kuchanganya mafuta na maji. Kinaweza kuwa kimetokana na mawese na kinaweza kuwa kimetokana na mafuta ya mnyama, na namba haisemi. Jicho la mnunuzi haliwezi kupambanua hapo, na mara nyingi hata aliyetengeneza biskuti hajui mpaka amuulize aliyemuuzia. Mkaguzi wa halali kazi yake ni kuufuata mnyororo huo karatasi kwa karatasi mpaka mwanzo wake.

Tukio la Indonesia la mwezi wa Januari 2001 linaonyesha mnyororo huo unafika wapi. Kiwanda kimoja kikubwa cha kiungo cha kuongeza ladha kilibadilisha kirutubisho cha kukuzia vijidudu vyake vya uchachushaji. Kirutubisho hicho kilikuwa kimetayarishwa kwa kimeng'enya cha nguruwe. Kiungo chenyewe kilipotoka kiwandani hakikuwa na nguruwe ndani yake, na Rais wa wakati huo Abdurrahman Wahid, ambaye naye alikuwa mwanachuoni, alisema kwamba ni halali. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilisema ni haramu, na bidhaa ziliondolewa madukani. Wanazuoni walihitilafiana katika hukumu, lakini wote walikuwa wanazungumza juu ya jambo lililogunduliwa na ukaguzi wa utengenezaji, si juu ya kitu ambacho mnunuzi angeliweza kukiona pakitini.

Nchi hiyo ndiyo iliyokwenda mbali zaidi baadaye. Sheria yake Namba 33 ya 2014 iligeuza cheti cha halali, kilichokuwa hiari, kuwa lazima. Kwa vyakula na vinywaji vya makampuni makubwa na ya kati muda wa mwisho ulikuwa 17 Oktoba 2024, na wafanyabiashara wadogo wakaongezewa mpaka 17 Oktoba 2026. Serikali haikuweza kumpelekea mkaguzi kila muuza vitafunio katika nchi yenye visiwa maelfu. Kwa hivyo maombi hupelekwa kwa mtandao, na mfanyabiashara mdogo ambaye bidhaa zake hazina mashaka makubwa huruhusiwa kutamka mwenyewe kwamba ni halali, akithibitishwa na msaidizi aliyepewa mafunzo. Utaratibu huu umewafikishia cheti watu ambao wasingeliweza kugharimia ukaguzi kamili. Na sisi, ambao tuna kina mama wa vikundi vya sabuni ya mwani na vya viungo wenye kutamani kuuza nje, hatuna budi kuutazama kwa makini badala ya kuudharau.

Lakini mwaka 2023 ilidhihirika udhaifu wake. Cheti kilichoombwa kwa njia hiyo kwa ajili ya maji ya zabibu kilikutikana kinatumika mtandaoni kutangaza mvinyo uliodaiwa kuwa ni wa halali. Baraza la Maulamaa likaeleza kwamba vipimo vya maabara vimekuta kilevi, na cheti kikafutwa. Tamko la mwombaji lilikuwa limekaa mahala pa macho ya shahidi. Kisha mwezi wa Aprili 2025 mamlaka za nchi hiyo zilitangaza bidhaa 9, nyingi zikiwa ni peremende laini, zilizopimwa na kukutwa na chembe za nguruwe. Kati ya hizo, 7 zilikuwa na cheti cha halali. Waliokula peremende hizo wengi wao bila shaka ni watoto, na wazee wao walikuwa wameitazama alama kabla ya kununua.

Malaysia nayo ina sheria inayoruhusu idara yake ya maendeleo ya Kiislamu pamoja na mabaraza ya dini ya majimbo peke yake kutoa cheti cha ndani, tangu amri ya mwaka 2011. Na bado mwezi wa Disemba 2020 ilivamiwa ghala moja katika jimbo la Johor iliyokuwa ikibandika alama za bandia juu ya nyama iliyoagizwa kutoka nje.

Ikiwa hayo yametokea kwenye cheti cha kweli na kwenye karatasi ya kubandika, picha ya alama katika simu ina uzito gani? Picha hunakiliwa kwa kidole. Alama iliyopatikana kwa kiwanda cha biskuti huweza kubandikwa kwenye picha ya soseji kabla ya chai kupoa. Kwa hivyo mnunuzi asiitazame alama peke yake. Alama ya kweli huwa na jina la taasisi iliyotoa cheti, na cheti huwa na namba, jina la bidhaa, jina la kiwanda na tarehe ya kumalizika. Taasisi kubwa, zikiwemo za Malaysia na Indonesia, zimeweka orodha za bidhaa zenye cheti ambazo mtu yeyote anaweza kuzitafuta kwa jina, na huu ndio msaada wa kweli ambao mtandao umeuleta katika jambo hili. Mnunuzi aisome namba kutoka kwenye pakiti aliyonayo mkononi, kisha aitafute mwenyewe katika orodha ya taasisi. Asifuate kiungo alichopelekewa na muuzaji, kwa sababu aliyeweza kutengeneza alama ya bandia anaweza kutengeneza na orodha ya bandia.

Alama ya halali ina mpaka wake. Inazungumzia bidhaa wala haizungumzii namna ilivyolipiwa. Mtu anaweza kununua kuku aliyechinjwa kwa taratibu zote kwa fedha za mkopo wa simu unaorudishwa na ziada. Ada inayotozwa kwa kutuma fedha ni ujira wa kazi na haina kosa. Ziada inayokua kwa kupita siku juu ya mkopo ni riba, hata ikiitwa "ada ya huduma", na Baraza la Fikihi lilikwisha kulitamka hilo kwa mikopo ya benki mwezi wa Disemba 1985. Kwa wafanyakazi wanaotaka njia nyengine, Benki ya Watu wa Zanzibar imekuwa na huduma za Kiislamu tangu mwaka 2011.

Kuhusu malalamiko, wengi hukimbilia kwa Kadhi kwa kuwa limetajwa neno halali. Mahakama ya Kadhi, ambayo sasa inaongozwa na Sheria Namba 9 ya 2017, inashughulikia mambo ya Waislamu kama ndoa, talaka na mirathi. Haihukumu kesi za mauziano. Ofisi ya Mufti, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 9 ya 2001, hutoa fatwa kwa anayetaka kujua hukumu ya dini. Mashaka juu ya usalama wa chakula ni ya Wakala wa Chakula na Dawa, na ya ubora ni ya Taasisi ya Viwango. Aliyedanganywa na muuzaji aende Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ingawa aelewe kwamba neno halali katika jina la Tume hiyo lina maana ya ushindani wa haki, wala si kwamba Tume inatoa cheti cha kuchinja. Si mara moja neno hilo limempotosha mwananchi.

Popote atakapokwenda, mlalamikaji ataulizwa ushahidi. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inahusu kuandikiana madeni, na ujumbe wa simu ni maandishi. Asiufute. Ahifadhi ujumbe wa malipo, picha ya tangazo kama lilivyokuwa siku aliyonunua, na sifa zilizoandikwa. Bidhaa yenyewe iliyotiliwa shaka isitupwe wala isirudishwe kwa muuzaji kabla ya kuonyeshwa panapohusika. Ikiwa ni nyama iwekwe kwenye barafu. Pakiti na ibakizwe nzima pamoja na namba ya toleo iliyopigwa ubavuni, kwani ni kwa namba hiyo ndipo mkaguzi anapoweza kulifuata toleo zima mpaka ghalani.